Ndoano Aliyopewa Skola

Sisi tuliosoma shule ya msingi na sweta za kufumwa na mama zetu, tukakimbia mchakamchaka pale Kifanya huku ukungu umefunika mpaka mlingoti wa bendera, hatuhitaji mtu wa kutueleza baridi ni nini. Kuni za shule kichwani, kiazi cha moto mfukoni. Kiazi kile kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha vidole, kuliwa baadaye. Watoto wa siku hizi wanapanda bodaboda kwenda shule unayoiona ukisimama mlangoni, tena wakirudi wanasema wamechoka. Haya, nawaacha. Leo nina jambo langu moja, na jambo lenyewe ni wivu.

Mama yangu hakuwa mtu wa Kifanya. Aliolewa kutoka Lupingu, kule chini ziwani, akapandishwa milimani kwa watu wa mahindi, viazi na miti ya mbao. Baba alikuwa Mbena kama Wabena wengine, ana shamba lake, ng'ombe wake wawili na mianzi ya kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, nyuma ya nyumba. Mawifi walimcheka sana mama. Mwanamke mzima anakwenda kukaa ukingoni mwa bwawa ameshika fito, hiyo nayo ni kazi? Mama aliendelea kuvua. Alijua Kwaresima itafika. Na ikifika, Ijumaa nyama hailiwi, maharage yameshachosha watu, basi mawifi walewale wanapita kwetu taratibu, wanasalimia kwa Kibena, kamwene, kamwene, wanaulizia afya za watoto huku macho yako kwenye ndoo. Siku hizo nilitembea kijijini kifua mbele.

Silaha ya mama ilikuwa ndoano moja kubwa, nene, aliyopewa na baba yake siku anaolewa. Aliitunza kwenye kopo la mafuta ya kujipaka ili isishike kutu. Za minyoo zilikuwepo nyingine, ndogondogo, za perege. Hiyo kubwa ilikuwa ya kambale tu.

Kwa ambaye hajawahi kuvua kambale kwa chambo hai, ngoja nimweleze, ingawa ataona mwenyewe ninapopwaya. Unaanza na fito ya mwanzi uliokomaa na kukauka. Unafunga mshipi wa nailoni, ambao sisi tulibadilishana kwa viazi na Mzee Salehe, mfanyabiashara wa Makambako aliyekuwa akija na lori lake siku ya gulio. Boya ni kipande cha gunzi. Chini yake unafunga nati ya baiskeli ili mshipi uzame. Halafu, kati ya mshipi na ndoano, mama alisokota waya mwembamba kama shubiri moja, maana mdomo wa kambale ni msasa, unaisaga nailoni mpaka inakatika. Chambo ni kiperege kidogo kilicho hai. Unakichoma mgongoni, juu juu tu, kiendelee kuogelea, maana kambale anapenda kinachokimbia. Sasa, boya linakaa umbali gani kutoka kwenye nati? Shubiri nne, au tano, hapo sikumbuki vizuri. Na likianza kucheza, unavuta palepale au unamwacha kwanza ameze? Muulizeni Skola.

Ninayemkumbuka mimi ni mama. Alikuwa akikata nailoni kwa jino la kushoto, kwa sababu la kulia lilishang'oka. Alijifunga kitenge cha kahawia juu ya sweta ya baba, mikono ameikunja mara mbili. Akikaza fundo, ncha ya ulimi ilitoka kidogo pembeni. Boya likitikisika, pumzi yake ilisimama, na kulikuwa na mshipa mdogo shingoni mwake uliopiga haraka haraka. Nyumbani mama alikuwa wa watu wote, wa baba, wa wadogo zangu watatu, wa nguruwe, wa wageni wasioisha. Bwawani alikuwa wangu. Nilijibana kwake mpaka viwiko vyetu vinagusana, nikasikia harufu ya moshi kwenye kile kitenge, na sikutaka kitu kingine duniani.

Ndipo akaja Skola. Jina kamili Skolastika, binti wa jirani, tulikuwa wote darasa la nne. Mama yake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na mama yangu akamwonea huruma, akamwambia awe anakuja bwawani na sisi. Nilidhani ni mara moja. Kumbe mtoto kahamia! Alikaa upande wa pili wa mama, kimya, haulizi kitu, haombi kitu. Wiki ya pili alikuwa anafunga fundo. Wiki ya tatu nikamsikia mama anamwita "mwanangu". Jamani! Mimi niliyetoka tumboni mwake nilikuwa Oliva, na yule aliyetoka ng'ambo ya ua ni mwanangu.

Nikaamua nitamwonyesha mama kwamba na mimi naweza. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachagua mwanzi mzuri, mnyoofu, wa kijani kibichi, nikaukata. Mbena yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Ilikuwa masika, mianzi michanga ndiyo inayogemwa, na mimi nilikuwa nimekata ule ambao baba alikuwa akiugema ulanzi asubuhi na jioni. Tena kwa fito haukufaa hata kidogo, umejaa maji, nilipofunga boya tu ukainama wote. Baba alirudi na kikombe chake, akakuta kisiki. Alinichapa kwa mwanzi uleule, na kwa kuwa ulikuwa laini haukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mama alicheka mpaka akakaa chini, na Skola akacheka naye.

Kisha likaja lile lenyewe. Zilikuwa zimebaki siku chache kufika Ijumaa Kuu, mama ameahidi samaki kwa masista wa misheni, na shambani akateguka kifundo cha mguu. Akatuita sote wawili. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa kitambaa, kopo la mafuta mapajani. Nikajua leo ndiyo siku, kwa sababu ndoano ile haikuwahi kutoka mkononi mwake, na nani angepewa kama si mtoto wake mkubwa. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Mama akaifuta ndoano kwa pindo la kitenge, akaiweka kwenye kiganja cha Skola.

"Oliva," akasema, "wewe utabeba ndoo."

Nilibeba. Skola alimtoa kambale mrefu kuliko mkono wangu, mimi nikamwinua kichwani ndani ya ndoo, na njia nzima mkia ulikuwa unanipiga sikioni. Maji ya tope yalinitiririka usoni, kwa hiyo hakuna aliyejua kama nalia. Mama alimwambia Skola akae na ile ndoano, na hakuiomba tena. Mimi toka siku hiyo sikushika fito.

Leo Skola ana mabwawa yake matatu kulekule Kifanya. Watu wanatoka Njombe mjini siku ya Jumamosi kwenda kuvua kwake, na vijana anawafundisha. Mwanangu Beno ni mmoja wao. Amenunua fito ya kukunja yenye gurudumu la kukusanyia mshipi, ana miwani ya jua, ana kofia, kwenye simu ana video za Wazungu wanaovua samaki wenye meno kama msumeno. Ndoano, waya na boya anauziwa vimeshafungwa pamoja kwenye mfuko. Ukimpa mnyoo ashike, anakimbia. Namcheka, lakini namwonea wivu pia, nasema kweli. Asipoelewa anabonyeza tu, mwalimu anarudia, mara kumi akitaka. Mimi nilikuwa na mwalimu mmoja, na huyo mmoja nilinyang'anywa.

Mama sasa naishi naye hapa Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani. Skola huja kumwona, analeta kambale wa kukausha, wanashikana mikono kwenye kochi langu wanaongea mambo ya maji. Mimi naingia jikoni kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Mwezi uliopita alipoondoka, mama akabaki anamenya njegere, nikajikuta nimeuliza. Sikupanga. Miaka zaidi ya arobaini nimelimeza, likatoka lenyewe.

"Mama, hivi kwa nini ile ndoano ulimpa Skola?"

Hakushangaa. Alimaliza ganda alilokuwa nalo mkononi.

"Mwenzako alikuwa anaangalia boya," akasema. "Wewe ulikuwa unaniangalia mimi."

Nilikaa chini. Nikamwambia anifundishe sasa, hata kama ni fundo tu. Akasema macho yake hayauoni uzi tena, niende kwa Skola, Skola anajua yote. Wivu ukanipanda upya, sitawadanganya, lakini jioni hiyohiyo nikampigia Skola simu. Akafurahi. Akasema nije Jumamosi, fito ipo, kambale wapo, na kubwa kuliko yote nisiondoe jicho kwenye boya.

Nimekubali. Nitampakia mama kwenye gari, nimweke ukingoni kwenye kiti cha plastiki, nimfunike blanketi magotini. Lakini najijua. Enzi zile mama alikuwa na nguvu zake, kesho angekuwepo, keshokutwa angekuwepo, na bado nilishindwa kuacha kumtazama. Leo nimempandisha kitandani kwa mikono yangu, mwepesi kama mtoto wa darasa la nne. Hilo boya nitaliangalia saa ngapi?