Ile fedha ya jino langu imetoka

Leo daktari wa meno hapa Arua amenitoa fedha mdomoni.

Si pesa. Fedha ile ya bangili. Kijiti chembamba kama sindano, kimeshakuwa cheusi.

Kiliwekwa miaka ya sabini, nikiwa mchumba. Daktari wa wakati ule alisafisha mzizi wa jino, akauliza azibe na nini, mpira au fedha.

Mama akaruka. "Bibi arusi na mpira kwa mdomo? Weka fedha!"

Akatangaza mpaka Koboko, kwa wakwe.

Hatukujua kwamba fedha inazama ndani ya mzizi, halafu juu inafunikwa.

Siku ya hina, shangazi wa bwana arusi akanifungua mdomo, akamulika tochi. Jino moja moja.

"Mimi naona meno tu. Fedha iko wapi?"

Tangu siku ile, kwa wakwe, Mama iko mwongo.

Leo nimemletea kijiti ndani ya kitambaa. Amekigeuza geuza.

"Ule shangazi iko hai?"

"Alikufa zamani, Mama."

Akakifunga tena ndani ya kitambaa.

"Kaburi yake iko wapi?"

Saa hii tuko ndani ya gari ya Koboko. Nyinyi mngemkatalia?