Mabano Yaliyobaki Wazi

Mpiga chapa wa idara ya hisabati alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili ya kuandika milinganyo ya watu wengine, na walimu walimwita Bi Nukta kwa kuwa hakuna kilichompita. Hisabati yenyewe alisema haijui. Tumwamini nusu. Asubuhi hiyo alikuwa akitengeneza slaidi za binti yake, aliyebakiwa na dakika arobaini kabla ya kutetea tasnifu yake kwa mara ya pili. Mara ya tatu hairuhusiwi.

Slaidi ya tisa ilikuwa na mlinganyo mrefu hata mkia wake ukatoka nje ya ukurasa.

"Punguza tu maandishi, Mama."

"Nipunguze mpaka wasome kwa darubini? Tunaukata."

Akaukata ukawa mistari mitatu. Sasa, mabano yakifunguliwa mstari mmoja na kufungwa mwingine, kompyuta hugoma. Ndipo mwandishi huweka nukta kwenye msimbo, yale maandishi ya amri yasiyoonekana kwenye slaidi, na nukta hiyo hufunga mabano bila kuonekana. Ujanja huo ni halali. Bi Nukta akaweka nukta zake mbili, akahesabu, akakuta ya tatu mwishoni kabisa, isiyo yake.

"Hii umeweka wewe?"

"Kompyuta ilikuwa inanigomea, nikainyamazisha."

"Na mabano haya yanafungwa wapi?"

"Mama, wewe piga chapa tu!"

Neno hilo lilimchoma, tena limetoka kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Lakini kidole hakukiondoa kwenye kioo.

"Mbele ya mabano kuna alama ya kutoa. Hiki kipengele cha mwisho kikiwa ndani, kinatolewa. Kikiwa nje, kinajumlishwa. Kiko wapi?"

Binti akavuta tasnifu, akarudi kurasa mbili nyuma. Kilikuwa ndani. Naye, katika tasnifu nzima, alikuwa amekijumlisha.

"Nimekwisha."

"Hujaisha. Una dakika ishirini na tano. Wewe piga hesabu, mimi naandika."

Slaidi tatu zikabadilika. Ya mwisho ilikamilika watahini wakiwa wameshakaa.

Bi Nukta alisimama mlangoni mwa ukumbi. Slaidi ya tisa ilipofika, mtahini mkuu, mzee ambaye wanafunzi walimbandika jina la Thibitisha, akaitazama, kisha akaitazama nakala yake ya tasnifu.

"Kwangu hapa ni kujumlisha. Pale ukutani ni kutoa. Tushike lipi?"

Binti angeweza kusema tu ni makosa ya chapa, na kila mtu angeamini. Mama yake alikuwa ameshajiandaa kutikisa kichwa kukubali. Aibu ya chapa haimnyimi mtu shahada.

"La ukutani," binti akasema. "Kosa la kwenye nakala ni langu. Aliyeliona ni mpiga chapa wa idara." Akageuka kuutazama mlango. "Mama yangu."

Thibitisha akachukua kalamu, akasahihisha nakala yake.

"Endelea," akasema.

Bi Nukta hakusikia yaliyofuata. Alikuwa ameshatoka nje, asije akalia mbele za watu.