Maboksi Aliyoyafunga Sumie

Nyumbani kwako kuna kitu gani ambacho hujawahi kukifungua kwa sababu unakipenda?

Mzee Tokunaga alikuwa na kabati zima. Ndani yake yalipangwa maboksi madogo, na ndani ya kila boksi mlikuwa na gemu ya mkononi ya zamani, zile za ukubwa wa kiganja, zenye kioo kimoja, vitufe viwili na kikatuni cheusi kinachokimbia kudaka vitu vinavyoanguka. Zilitengenezwa kusini mwa Kyoto, katika kiwanda ambacho siku hizi ni uwanja wa kuegesha magari. Tokunaga alikuwa fundi wa mashine pale. Mkewe, Sumie, alikaa mwisho wa mstari. Gemu ilipomfikia aliitia betri mbili ndogo kama vifungo vya shati, akailaza ndani ya boksi, akafunga kwa selotepu.

Wafanyakazi waliruhusiwa kununua. Tokunaga alinunua zile tu zilizopita mikononi mwa mkewe, na hakuhitaji kuuliza ni zipi. Sumie peke yake ndiye aliyekunja ncha ya selotepu kidogo, ili mtoto apate pa kushikia anapotaka kufungua. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto. Sumie alipofariki, maboksi yakabaki kama alivyoyaacha.

Mimi nilimfahamu dukani kwa Mama Hamaguchi, hapa Nipponbashi, Osaka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia, nikaamini kwamba katika duka la gemu kuukuu nitauokoa utoto wa wazazi wetu usitupwe jalalani. Nikajikuta napangusa plastiki. Wateja wetu hawaulizi kama gemu inachezeka, wala kama ilimfurahisha mtu. Wanauliza kama boksi limewahi kufunguliwa. Likiwa limefunguliwa, thamani yake imeporomoka. Likiwa halijafunguliwa, wanalishika kwa glavu na kulipeleka kwenye kabati jingine likakae gizani. Sisi ndio tuliowafundisha watu hivyo. Tulichukua kitu kilichotengenezwa kichezewe kwenye basi la shule tukakigeuza sanamu, na tukaiita kazi hiyo kuhifadhi.

Tokunaga alikuja dukani miaka mingi, akinywa kahawa yake ya kopo na kusikiliza maneno hayo yote. Nilimwambia mara nyingi, "Mzee, betri zile zikizeeka zinavuja. Fungua uzitoe."

"Nishio, mwanangu," alinijibu kila mara, "nikishafungua, nani atafunga tena kama alivyofunga yeye?"

Masika haya alipata nafasi katika nyumba ya wazee, chumba chenye kitanda na kabati jembamba. Maboksi yasingeingia. Ndipo alipoyaleta kwa mkokoteni wa mkono, akavua kofia mbele ya Mama Hamaguchi.

"Bibi, sitaki pesa. Yawekwe pamoja nyuma ya kioo. Chini paandikwe jina la Sumie. Basi."

"Yaani nishinde na mkeo dukani mchana kutwa?" Mama Hamaguchi hakuinua macho kutoka kwenye bisibisi yake. "Mume wangu mwenyewe nilimfukuza kwa kunichungulia kazi."

"Hatakusumbua. Alikuwa mkimya."

"Tofauti na wewe."

"Mimi naondoka. Unapata mwenye nafuu."

Akacheka, na Mama Hamaguchi naye akacheka. Alikwenda mwenyewe kuondoa vitu katika kabati la kioo karibu na mlango, lile la heshima, akalipangusa. Kisha akarudi na kusimama mbele ya mzee.

"Ila unanijua. Siandiki jina la mtu chini ya kitu nisichokiona. Tufungue moja."

Tokunaga aliyatazama maboksi.

"Moja tu?"

"Moja. Uchague mwenyewe."

Alichagua kwa muda mrefu, kama mtu anayeambiwa achague jino la kung'olewa. Mama Hamaguchi alipochukua wembe, mzee alimzuia mkono. "Usikate. Pana pa kushikia." Akaishika ile ncha iliyokunjwa, akaivuta. Selotepu iliachia kwa urahisi, kama Sumie alivyokusudia.

Gemu ilikuwa nzuri hata nikaona aibu kwa maneno yangu yote. Haikuwa na alama ya kidole. Mama Hamaguchi aliigeuza, akaondoa kifuniko kidogo cha nyuma. Betri zilikuwa zimevimba na kupasuka. Ukungu wa kijani na chumvi nyeupe vilikuwa vimekula chuma, vikatambaa ndani hadi kwenye nyaya. Harufu yake ilikuwa kali.

"Nyingine," alisema Tokunaga.

Ya pili ilikuwa vilevile. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi.

"Inatosha," alisema.

Mama Hamaguchi alivua glavu. Ni mwanamke mkavu, sijawahi kumwona akivunja sheria yake kwa ajili ya mtu. Siku hiyo aliivunja. "Mzee, hizo nyingine hazijafunguliwa. Nitaziweka hivyohivyo. Nani atajua? Kioo nimeshakipangusa. Na jina nitaliandika."

"Na chini ya jina utaandika alifanya kazi gani?" aliuliza Tokunaga. "Alitia betri, Bibi. Hiyo ndiyo kazi aliyofanya."



Nilimsindikiza nikisukuma mkokoteni. Njiani nilizungumza mfululizo, maana sijui kunyamaza panapostahili. Nikamwambia kutu ile inasafishika kwa siki na pamba, nitakuja kila jioni, huenda moja ikawaka, na hata moja ikiwaka itakuwa ushindi dhidi ya wote wanaoabudu maboksi. Aliniacha nimalize. Mlangoni akasema, "Unataka kufuta nini, Nishio? Hicho ndicho alichoniachia."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwake mapema nikiwa na chupa ya siki na pakiti ya pamba. Ilikuwa siku ya kutoa taka za chuma na plastiki. Penye kituo cha taka, chini ya wavu wa kuzuia kunguru, palikuwa na mfuko mmoja mkubwa unaoonyesha vilivyomo, na niliyatambua maboksi ndani yake. Tokunaga alikuwa amesimama mbele ya Bi Ogura, jirani mwenye zamu ya usafi wiki hiyo.

"Mzee Tokunaga, humo mna betri," alisema Bi Ogura kwa upole. "Betri zinatengwa. Hawatauchukua."

"Kweli. Samahani sana. Nimekusumbua."

Aliuvuta mfuko kando, akachuchumaa ukingoni mwa barabara na kuanza kufungua. Aliyafungua yote yaliyobaki, moja baada ya jingine. Kila mara aliitafuta ncha iliyokunjwa, akavuta, akaibandika selotepu kwenye mkono wa koti lake, kisha akazichokoa betri kwa ukucha na kuzitia katika kopo la biskuti aliloletewa na Bi Ogura. Vidole vyake viligeuka kijani. Nilichuchumaa kumsaidia, akanisogezea mfuko niushike wazi, maboksi hakunipa.

Gari la taka likakata kona likipiga wimbo wake. Mfanyakazi aliteremka, akauangalia mfuko, akainamisha kichwa na kuurusha ndani. Tokunaga alisimama na kumwinamia mpaka gari likaondoka. Vipande vya selotepu vilikuwa vimejipanga mkononi mwake kutoka kiwiko hadi begani, na ncha zake ndogo zilizokunjwa zilikuwa zikitikiswa na upepo.