Fundi Kwanini na Ini Lililokataa Kutulia

Ting'! Springi iliruka, ikagonga sufuria ukutani. Leo ana miaka arobaini na saba, na bado fundi makochi anausikia mlio ule. Alikuwa na miaka sita, amelifumua kochi la mama yake kwa kisu cha jikoni ili aone ni nini humrusha mtu akikaa. Alichapwa, lakini alikuwa ameshaona. Tangu siku hiyo wakamwita Kwanini, na jina likamganda.

Karakana yake ni chumba kimoja kilichojaa vumbi la sponji. Hufanya kazi na misumari midogo mdomoni, na wateja wamezoea kuulizwa maswali kupitia meno yaliyobana. Kochi likibonyea, haanzi na kitambaa. "Kitambaa kinadanganya," husema. "Mambo yako ndani."

Huu ni mwaka wa tatu anaugua homa ya ini aina ya B. Dawa anameza kila asubuhi, hakosi. Kirusi kimepungua hadi vipimo karibu havikioni. Lakini ini lenyewe linazidi kuumia, na macho yamegeuka rangi ya bizari. Daktari alikunja uso, akamwuliza kama anakunywa pombe. Hanywi, aliapa. Ila mkewe alikuwepo, akalisikia swali, akarudi nalo nyumbani.

"Shemeji," dada wa mkewe alimwambia wakiwa mezani, "ini haliunguzwi na maji."

"Linaunguzwa na nini basi? Mimi mwenyewe nataka kujua."

"Kamwulize mwenye baa."

Mkewe hakucheka, wala hakumtetea. Kuanzia siku hiyo akawa ananusa vikombe vya mumewe kabla ya kuviosha. Hilo lilimchoma fundi kuliko ini.

Akaenda maabara, kwa mama aliyezoea kumtoa damu.

"Mama, hebu nieleze. B kalala. Sasa anayeunguza ni nani?"

Yule mama aliweka kalamu chini. "Hujanywa kweli?"

"Hata tone."

"Basi kuna mmoja hatujamtafuta."

Damu yake ikasafirishwa hadi maabara kubwa. Baada ya wiki tatu aliitwa, akaenda na mkewe.

"Ni aina ya D, tunamwita delta," mama wa maabara alisema. "Huyu hana ganda lake. Anavaa la B, ndipo anapata kuingia kwenye ini. Akishakaa, anamkandamiza B mwenyewe. Ndiyo maana B alionekana kimya."

Kwanini alisahau kuogopa. "Yaani anavaa nguo ya mwenzake? Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

"Na dawa unayomeza haimgusi. Daktari bingwa atakuona Jumatatu." Akamgeukia mke. "Aliyechanjwa B na kinga ikashika, delta naye hampati. B asipoingia, huyu atavaa nini?"

Walipofika kwenye korido, mkewe akasimama.

"Nisamehe, mume wangu. Nilikuwa nanusa vikombe vyako."

"Nilikuona."

"Na dada nitamwambia leo hii. Atakuja kukuomba radhi mwenyewe."

Fundi hakuonyesha kufurahi. Alikuwa akiutazama mkono wa mkewe, karibu na bega, pale inapochomwa sindano. Akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Zile chanjo tatu za B ulizoandikiwa nilipougua... ulimaliza zote?"