Msimamizi Aliyepata Kaka

Seok Gyu-won anaisimulia habari hii mpaka leo, na anaisimulia kama mfano wa adabu njema. Vijana wa sasa, hunilalamikia, hawajui tena kumheshimu mkubwa. Nimemsikiliza mara nyingi, na kila mara nimeondoka nimechukia. Kwa hiyo nitaisimulia mimi.

Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha plastiki hapa Bucheon, Korea Kusini, mtoto wa mwenye duka la mchele, mtu mtaratibu, asiye na deni wala ugomvi na mtu. Miaka ile ya tisini mwanzoni, kabla ya intaneti kuingia majumbani, tuliunganisha kompyuta na waya wa simu tukaingia kwenye mtandao wa maandishi matupu, herufi nyeupe juu ya kioo cha buluu. Mama akiinua simu kumpigia shangazi, mtandao umekatika. Humo kulikuwa na jukwaa la wafanyakazi, nasi wanachama tulimpigia kura Gyu-won awe msimamizi wake.

Kazi hiyo haikuwa na malipo, ila ilikuwa na mamlaka: msimamizi peke yake ndiye aliyeweza kufuta andiko la mtu. Gyu-won alitunga kanuni mwenyewe, na zilikuwa kanuni nzuri. Hakuna andiko litakalofutwa kwa sababu ya maoni. Litafutwa tu likitukana mtu, au likifichua jina lake halisi. Kila mmoja wetu alitumia jina la kujibandika, kwa kuwa mfanyakazi anayejulikana kwa mwajiri kwamba anasema hovyo, kazi hana. Gyu-won alijiita Bisibisi. Tuliitana "ndugu", kijana wa miaka kumi na tisa na mzee anayekaribia kustaafu. Katika nchi ambayo huwezi hata kumuuliza mtu kama amekula kabla hujajua nani mkubwa kati yenu, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha, na nadhani ndilo lililotufanya tulipende jukwaa lile.

Ikafika Juni ya mwaka tisini na nne. Korea Kaskazini na Wamarekani walikuwa wanavutana juu ya mabomu ya nyuklia, redio ilitaja vita kila saa, na watu walitoka madukani wamekumbatia maboksi ya tambi na mishumaa. Wakati huohuo reli na viwanda vilikuwa vinachemka kwa madai ya mishahara. Mwanachama mmoja aliyejiita Zamu ya Pili, mwanamke anayepachika vipuri vya redio katika kiwanda fulani, aliandika kuhusu kwao. Alisema baada ya zamu wanabakizwa kwa mazoezi ya kujikinga na vita, na mazoezi yenyewe ni kurudi kwenye meza zao kupachika vipuri bila malipo. Alisema chama chao cha wafanyakazi kimeahirisha mazungumzo ya mshahara kwa ajili ya usalama wa taifa. Kisha akaandika sentensi ambayo sote tuliirudia: "Kila tukitaja mshahara, Kaskazini inasogea kilomita kumi."

Tulicheka. Hakucheka mtu aliyejiita Msonobari. Yeye alijibu kwamba maneno hayo yanaandikwa Pyongyang na kusainiwa hapa, na kwamba mwandishi wake ni Ok Myeong-hui wa idara ya tatu, akataja na kiwanda. Kwa wasioikumbuka miaka ile niseme tu kwamba tuhuma ya namna hiyo ilitosha kuwaleta polisi mlangoni.

Gyu-won alilifuta andiko la Msonobari siku ileile, akaeleza sababu kwa mistari miwili, bila hasira. Nilijivunia kumpigia kura.

Msonobari hakubishana. Aliitisha kikao cha ghafla. Ndiyo ilikuwa desturi yetu: wanachama wakigombana, mmoja anatangaza mkahawa na siku, watu wanakutana kwa nyama na pombe ya soju, yanaisha. Ilikuwa Jumapili mchana, kwenye mkahawa wa nyama ya nguruwe ya kuchoma karibu na stesheni. Mimi sinywi, sikuwa nakwenda vikaoni. Yaliyotokea huko ameniambia Gyu-won mwenyewe, kwa fahari.

Msonobari alikuwa Bae Tae-hwan, mtu mnene wa sauti ya upole. Kabla ya nyama kugeuzwa upande wa pili alianza na jambo ambalo huanzwa nalo.

"Ndugu Bisibisi, wewe wa kuzaliwa mwaka gani?"

"Sitini na saba."

"Nimekuzidi kumi na mmoja. Haya mambo ya ndugu-ndugu tuwaachie kompyuta. Jeshini ulikuwa wapi?"

Gyu-won, aliyetumikia jeshi kama kila mwanamume wa huku, akataja kikosi chake, kule milimani Gangwon, mpakani.

"Usiniambie. Kikosi changu hicho! Bado wanawapa ile supu ya maharage yenye mchanga?"

"Mchanga ulikuwepo, maharage sikuyaona."

Meza nzima ikacheka, na Bae akampiga begani. "Basi umekwisha, we si msimamizi tena, we mdogo wangu. Mimina."

Gyu-won akamimina kwa mikono miwili. Alipopewa yake, aligeuza uso pembeni kunywa, kama mdogo anavyofanya mbele ya mkubwa. Watu wazima wawili waliofahamiana kwa dakika chache walikuwa tayari kaka na mdogo, na mwenye mamlaka ndiye aliyekuwa anashika koleo la kugeuzia nyama.

Hapo Bae akajitambulisha sawasawa. Yeye alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi cha kiwanda kilekile cha Zamu ya Pili. Hakuna aliyekumbuka kura iliyomweka. Mwenye kiwanda alimtaja, wasimamizi wa idara wakapiga makofi. Mazungumzo ya mshahara yaliyoahirishwa aliyaahirisha yeye. Gyu-won alilisikia hilo kwa masikio yake, akiwa bado na akili timamu, na hapo ndipo mtu mwenye dhamira angeweka glasi chini.

"Siongei na msimamizi," Bae akamwambia. "Naongea na mdogo wangu. Andiko langu lirudi, la yule binti liondoke. Au unataka nikuandikie maombi?"

Gyu-won anasema alijaribu kutaja kanuni. Bae alimtazama kwa huzuni kubwa, kama mtu aliyetukanwa na wa tumbo moja naye.

"Kanuni? Na glasi yangu mkononi mwako?"

"Hapana, kaka."

"Hapana nini?"

"Nitalishughulikia, kaka."

Kesho yake jina la Ok Myeong-hui lilirudi kwenye jukwaa, na maneno yake mwenyewe yakatoweka. Niliandika kupinga, na andiko langu halikumaliza siku. Kiwanda hakikuchelewa. Walimwachisha kazi kwa kuvuruga amani, polisi wakaenda kumhoji mwenye nyumba wake, naye mwenye nyumba akamtaka ahame. Viwanda vingine vilimfungia mlango, kwa sababu maofisa wa ajira walikuwa wanalisoma jukwaa letu kwa bidii kuliko sisi. Walichokikuta pale kilikuwa tuhuma peke yake. Kila msomaji alijazia mwenyewe kile alichodhani huyo mwanamke aliandika.

Mwezi uliofuata kilitangazwa kikao kingine pale pale, naye Myeong-hui akaja bila kualikwa. Alikuwa mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi, viatu amevivua mlangoni kama wengine. Fundi mmoja wa reli akamsogezea mto wa kukalia na kumuuliza, kwa ukarimu, yeye ni wa mwaka gani.

"Sijaja kutafuta kaka," akasema, akabaki amesimama. "Niiteni Zamu ya Pili, kama mlivyoniita siku zote. Ndugu Bisibisi, naongea na msimamizi. Andiko langu unalo?"

"Ninalo kwenye diski."

"Niliisifia Kaskazini humo?"

"Hapana."

"Nilimtukana mtu?"

"Hapana, dada."

"Mimi si dada yako. Basi lirudishe, na lile lenye jina langu uliondoe. Leo. Kesho naenda kuomba kazi kiwanda cha vifungo, na wataangalia."

Gyu-won alimtazama Bae. Bae alikuwa anafungia kipande cha nyama ndani ya jani la saladi, hakuinua kichwa.

"Mdogo wangu," akasema, "nyama inaungua."

Gyu-won akaigeuza nyama. Wale wengine, watu waliokuwa wameandika kurasa kwa kurasa kuhusu mshikamano, walikuwa wamevutiwa ghafla na kabichi ya kimchi iliyokuwa mbele yao. Fundi wa reli alimwambia mwanamke kwa sauti ndogo kwamba mambo haya hayazungumzwi watu wakiwa mezani.

Myeong-hui akatoka. Gyu-won alimfuata hadi mlangoni na kumkuta ameinama anavaa viatu. Akamwinamia hadi kiunoni.

"Nisamehe. Unajua ilivyo. Kaka ni kaka."

"Kaniombe msamaha mle ndani, wakusikie."

Gyu-won alisimama pale akilifikiria, ndivyo anavyoniambia, wakati wote ule mwanamke alipokuwa akifunga kamba za viatu. Halafu Bae akamwita kutoka ndani, wala si kwa kelele, na akaingia.

Kiwanda cha vifungo hakikumwajiri. Jioni ile ya kikao Gyu-won alikuwa ameingia jukwaani, akaliacha lile andiko lenye jina la Myeong-hui mahali pake, na chini yake akaandika kwa upole kwamba mjadala umefungwa ili kulinda maelewano kati ya ndugu.