Kidole cha Reino

Reino Maki alipeleka barua katika mji wetu kwa miaka thelathini na minne, akiwajua ndege wa kila mtaa kwa sauti zao. Alipostaafu, ndiye aliyetukusanya mimi na Eldon tuwe tunapanda kilima kila Jumanne kutazama ndege. Mkewe Helmi alipofariki, Jumanne ikawa siku pekee anayonyoa ndevu. Nasema ninachokijua, nyumba zetu zinatazamana.

Basi asubuhi moja ya Mei, tukifunga kamba za viatu nyuma ya gari langu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Marlys, leo ndiyo mara yangu ya mwisho."

"Unaumwa?"

"Masikio. Kile kindege cha taji la dhahabu sijakisikia mwaka wa tatu huu. Nimekuwa nawadanganya. Eldon nitamwambia mwenyewe tukifika juu."

Kindege hicho hukaa juu kabisa kwenye misonobari, na sauti yake ni nyembamba mno. Eldon, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na hajaacha ualimu wake, alituwekea sheria: ndege asiyeonekana haandikwi daftarini mpaka sote watatu tunyooshe kidole kwamba tumemsikia.

Ningeweza kumtuliza Reino palepale. Mimi pia nilikuwa nimeacha kukisikia zamani. Nilikuwa nanyoosha kidole nikimwona yeye kanyoosha, basi. Lakini nina kiburi, na nilishawacheka mno wenye vifaa vya masikio. Nikanyamaza. Nilipanda kilima kile nikijichukia kila hatua.

Juu tulikaa kwenye gogo letu, nikatoa mikate ya mayai na chupa ya kahawa. Reino hakula. Alifungua mdomo kuanza kusema, mbu akamjia sikioni, akainua mkono kumfukuza.

Kidole changu, kwa mazoea tu, kikapanda.

"Huyo!" Eldon naye akanyoosha chake. "Safi kabisa!"

Reino alitutazama mmoja mmoja. "Mmesikia nini?"

"Si kindege chako?" Eldon alisema.

"Nilikuwa nafukuza mbu."

Eldon akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Wewe mzee," Reino alisema, "unasikia au husikii?"

"Mimi namtazama Marlys."

"Na mimi namtazama Reino," nikasema. "Miaka minne sasa."

"Mungu wangu! Na mimi namtazama Eldon!" Reino alijipiga pajani. "Mwalimu mzima unaigilizia majibu?"

"Nyamaza wewe, mpeleka uongo!"

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Reino alicheka kuliko sote, kisha akavua miwani akafuta macho, na hakuwa akicheka tena. "Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema. "Nilidhani nitawapotezea Jumanne zenu." Nikamshika mkono. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza kule chini, akasema hata yeye angenyamaza, jambo ambalo si kweli.

Eldon, na sheria zake, alitoa daftari akaanza kufuta vindege vya miaka minne. Alikuwa hajamaliza ukurasa wa kwanza Reino alipomshika bega na kumwelekezea darubini kwenye tawi la chini, hatua kumi mbele yetu. Kilikuwepo, na taji lake la dhahabu, kifua kikipanda na kushuka, mdomo wazi.

"Kinaimba," Reino alinong'ona.

Tulikitazama mpaka kikamaliza. Hatukusikia kitu. Eldon akaandika: kimeonekana na wote watatu.

Tuliporudi kwenye gari, Reino alisimama ameshika mlango, hapandi.

"Jumanne saa moja?" aliuliza.

"Saa moja," nikamwambia. "Na unyoe ndevu."