Nailoni Nyeusi kwenye Jua la Riyadh

Dada zangu, mimi ni Rodah. Mmeniomba niwaeleze nilivyopona, na nitawaeleza, lakini msitarajie nitalia kwa furaha. Bado nina hasira. Mungu aliyeniponya anaiona, na hajaniambia niifiche.

Nilikuwa mzima kabisa. Kwetu ni Mwingi. Nimelima, nimechota maji mbali, na sikuwahi kulazwa hospitali. Nilipofika Jeddah niliajiriwa nyumba moja huko Aziziya, kufua na kupika na kupanda ngazi kutwa. Nilichoka, ndiyo, lakini mwili ulikuwa na nguvu.

Bosi wangu, tuliyemwita Baba, alisoma Marekani na huko ndiko alikopenda besiboli. Kama hujauona mchezo huo, mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo halafu anakimbia, na watu wanakaa kutazama saa nyingi. Baba na marafiki zake wana timu yao. Wakaalikwa Riyadh kucheza mchana, mwezi ambao joto lilikuwa limeshaanza kuuma. Familia nzima ikasafiri, nami nikachukuliwa kuangalia sanduku la barafu na kuhudumia wageni.

Asubuhi ya mechi nilivaa dera la pamba na mtandio mweupe mwepesi. Madam, mke wa Baba, akanitazama toka juu hadi chini.

"Hii ni nini? Vaa yunifomu. Wageni watajuaje wewe ni mfanyakazi?"

Yunifomu ilikuwa gauni la nailoni, bluu nzito, mikono mirefu ya kubana, na suruali yake ndani. Juu yake abaya nyeusi, nayo ya nailoni. Kichwani kitambaa cheusi cha kukaza mpaka kidevuni. Nikamwomba angalau kofia pana, maana alikuwa amenunua nyingi.

"Kofia ni za wageni. Na wewe ni Mwafrika, jua halikufanyi kitu."

Sikieni neno hilo! Kwetu Mwingi, jua likiwa la utosi mtu anaacha jembe na kutafuta kivuli. Hakuna anayesimama juani na nailoni. Sisi si mawe.

Uwanjani Madam alikaa chini ya hema na nguo zake nyeupe za kupwaya. Mimi aliniweka kando ya ua wa waya, juani, ili wachezaji wakitaka maji wanione. Akaniambia nisinywe sana kwa sababu choo kiko mbali. Wachezaji wenyewe walikuwa na kofia, walijifuta shingo kwa taulo za maji baridi, na zamu ikiisha walirudi kivulini. Zamu yangu haikuisha.

Hewa ya Riyadh ni kavu. Usoni jasho lilikauka kabla sijaligusa, lakini ndani ya nailoni nilikuwa natokota. Kichwa kikaanza kugonga. Misuli ya miguu ikakaza. Nikataka kutapika.

"Madam, kichwa kinaniuma sana."

"Baadaye. Yalla, haraka, peleka juisi."

Kisha jasho likakata. Nikasikia baridi, nikatetemeka, na ngozi yangu ilikuwa ya moto kama sufuria. Mtu aliniuliza kitu kwa Kiarabu nikamjibu kwa Kikamba, lugha ya kwetu. Baada ya hapo sikumbuki.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mutua, Mkenya mwenzetu aliyekuwa dereva wa basi la timu ya Riyadh. Anasema niliingia katikati ya uwanja na trei mkononi, mchezo ukiendelea, nikaenda kama mtu aliyeitwa, kisha nikaanguka. Nilirusharusha miguu. Nikajiuma ulimi, damu ikatoka. Nikajikojolea mbele ya watu wote. Kuna aliyesema nimelewa.

Mwanamke mmoja Mfilipino, nesi, akatoka mbio miongoni mwa watazamaji. Akaomba kisu cha matunda, akaanza kuchana abaya na yunifomu.

Madam akapiga kelele, "Usikate! Watu wanaona!"

Nesi akamjibu bila kuinua kichwa, "Afadhali waone mwili kuliko maiti."

Wanawake wakanizungushia mataulo. Mutua akaleta barafu ndoo kwa ndoo, uso ameugeuza pembeni, na nesi akaniwekea shingoni, makwapani na mapajani. Ndivyo nilivyofika hospitali nikiwa hai.

Nilizinduka na mirija puani na mkononi. Daktari Msudani akaniambia, "Joto lilikupika kwa ndani. Misuli imeumia, na figo zimeumia." Mkojo wangu ulikuwa rangi ya soda nyeusi, halafu ukakatika kabisa. Nikawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara ya kwanza na tena na tena, mpaka figo zikaamka. Sikuweza kushika kijiko. Nililishwa na kubadilishwa kama mtoto mchanga.

Baba alikuja akasimama mlangoni. "Samahani, Rodah. Sikukuona."

Alikuwa ameona kila mpira uliopigwa siku ile.

Niliporudi Jeddah miguu ikiwa bado imevimba, Madam aliweka kitandani kwangu yunifomu mpya, nailoni ile ile. "Halas, yameisha, umepona."

"Sitaivaa."

"Basi utarudi kwenu."

"Nirudishe. Heri nirudi nikitembea."

Sikulibadilisha neno langu. Baba alisikia. Akakubali nihamie kwa kafili mwingine, yaani mwajiri mdhamini, na sasa niko kwa bibi mzee anayeniacha nichague kitambaa changu.

Watu wananiambia, dada, samehe, ilikuwa ajali. Naomba nguvu ya kusamehe. Ila ajali haikuwa. Mtu alichagua ile nguo.

Namshukuru Mungu, na Mutua, na yule nesi ambaye jina lake sikulipata. Nanyi mkipelekwa mchezoni mchana, vaeni pamba, ipwaye, rangi nyepesi. Mikono mirefu ni sawa, inakinga ngozi. Abaya iwe nyepesi, kitambaa kisikabe shingo, na juu yake kofia pana. Kunywa kabla ya kiu. Kichwa kikigonga na jasho likikata, keti kivulini hata ukifokewa. Kufokewa hakuui.

Majuzi nilikwenda kutazama mechi hapa Jeddah, kwa hiari yangu. Nikamwona dada Mganda kando ya uwanja, amevaa nyeusi tupu, midomo imekauka. Nikamshika mkono, nikamleta kivulini, nikamfungua kitambaa cha shingo. Madam wake akaja mbio.

"Wewe ni nani? Huyu yuko kazini!"

Nikamjibu kwa Kiarabu changu kibovu kwamba sasa mafi kazi, hakuna kazi, kwanza anakunywa maji. Nikasimama katikati yao mpaka chupa ikaisha.